Wiki kumi za kuiandaa biashara kwa mwekezaji: tathmini ya mafunzo ya wajasiriamali wanawake

Nilipojiunga na mafunzo haya ya wiki kumi, yaliyoandaliwa kwa ajili ya wanawake wanaotafuta mtaji wa uwekezaji, nilikuwa nimetengeneza na kuuza sabuni na mafuta ya ngozi kwa miaka sita, nina wafanyakazi tisa, na niliamini kwamba kilichokuwa kikininyima fedha za wawekezaji ni kutojua kujieleza mbele yao. Nimeyamaliza, na baada ya hapo nimepitia uhakiki wa mwekezaji, yaani ukaguzi wa biashara anaoufanya kabla ya kutoa fedha, mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ninaweza kuyapima mafunzo hayo kwa maswali niliyoulizwa kweli. Wiki nne za hesabu na nyaraka zinastahili ada yote niliyolipa. Wiki mbili za mafunzo ya kuwasilisha zilitibu mahali pasipouma, na siku moja iliyotengewa masharti ya mkataba ni kidogo mno kwa jambo lenye uzito kiasi hicho.

Nianze na hesabu, kwa kuwa hapo ndipo biashara yangu ilipobadilika. Mkufunzi, mama aliyewahi kuwa mkaguzi wa hesabu, alitutaka tulete mizania, taarifa ya faida na hasara na taarifa ya mtiririko wa fedha taslimu za miaka mitatu. Wengi wetu tulileta taarifa za benki na madaftari ya mauzo. Hakutukaripia, alituketisha mmoja mmoja na kututaka tutenganishe kila kilichotoka kwa ajili ya biashara na kilichotoka kwa ajili ya nyumba. Kazi hiyo ilinichukua siku kumi na mbili, na sikuifurahia hata siku moja. Alipomaliza kuisoma taarifa yangu aliniuliza, “Dada, mshahara wako uko wapi?” Haukuwapo. Kwa miaka sita nilikuwa nikichukua fedha nilipozihitaji na kuziacha nilipoona biashara imebanwa, na tulipoingiza katika hesabu mshahara ambao ningelazimika kumlipa meneja wa kuajiriwa kwa kazi ninayoifanya, zaidi ya nusu ya faida niliyokuwa nikijivunia ilitoweka.

Ninalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu nililiona kwa wenzangu karibu wote, na kwa sababu wanawake tunasifiwa kwa kujinyima namna hiyo. Mwekezaji haoni sifa hapo. Anaona biashara ambayo gharama yake halisi haijulikani, na ambayo siku mwenyewe akiugua, faida yake inaondoka naye. Afadhali faida ndogo iliyo kweli, yenye mshahara wa mwenye biashara ndani yake, pamoja na maelezo ya namna itakavyokua, kuliko faida kubwa itakayovunjwa na mhasibu wa mwekezaji katika saa ya kwanza ya uhakiki.

Baada ya hapo tulifundishwa kukokotoa faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya kutengeneza, ya kila bidhaa badala ya ile ya biashara nzima, na niligundua kwamba sabuni ya mche, iliyokuwa ikitupatia mauzo makubwa kuliko zote, ndiyo iliyokuwa ikiingiza kidogo zaidi kwa kila kipande. Tulijifunza pia kutofautisha mauzo na fedha iliyo mkononi. Muuzaji wa jumla anayelipa baada ya siku 60, huku msambazaji wa malighafi akidai ndani ya siku 30, analazimisha biashara imkopeshe mwezi mzima kutoka katika mtaji wa kuendeshea, na kadiri mauzo yanavyokua ndivyo pengo hilo linavyopanuka. Kutokana na hesabu hiyo niliweza, kwa mara ya kwanza, kutaja kiasi cha fedha ninachohitaji na kueleza kwa nini ni hicho: sehemu fulani ya mashine, sehemu fulani ya kuziba pengo la malipo, sehemu fulani ya mishahara, kwa miezi 18. Zamani nilikuwa nikitaja kiasi nilichodhani mwekezaji angekubali kutoa.

Sehemu ya nyaraka iliongozwa na mwanasheria, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofikiriwa kwa makini zaidi kuhusu hali ya wanawake hasa. Orodha ya kawaida ilikuwapo: usajili wa kampuni, marejesho ya kodi, leseni, mikataba ya wafanyakazi na ya wateja wakubwa, usajili wa alama ya biashara, na kumbukumbu za vikao vya wakurugenzi, vyote katika folda moja ya kidijitali yenye mpangilio unaoeleweka na mtu asiyekujua. Lakini mwanasheria huyo alikwenda mbele zaidi na kuuliza maswali ambayo orodha hizo huyaruka. Jengo la karakana limeandikwa jina la nani? Fedha alizokupa mume, kaka au mama ulipokuwa ukianza ni zawadi, ni mkopo, au ni hisa? Kanuni ya kutengenezea bidhaa ni mali ya kampuni au ni yako binafsi? Dada mmoja katika kundi letu alikuwa amepewa mtaji wa kuanzia na shemeji yake, bila maandishi yoyote, na hakujua kama shemeji huyo anajihesabu mdai au mmiliki mwenza. Jambo la namna hiyo likisubiri hadi siku mwekezaji anapoomba jedwali la wanahisa, huwa limekwisha kuwa mgogoro. Likizungumzwa mapema, karatasi mbili zenye sahihi hulimaliza.

Wiki mbili za uwasilishaji zilinisikitisha. Tulifundishwa kusimama wima, kutazama watu machoni, kuzungumza kwa sauti ya kujiamini, kana kwamba pengo la fedha kati ya wanawake na wanaume linatokana na mabega yaliyoinama. Ushahidi unaonyesha vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani uliwasikilizisha watu wasilisho lilelile, maneno yaleyale, likisomwa na sauti ya mwanamume au ya mwanamke, na asilimia 68 walichagua kuwekeza katika biashara iliyoelezwa na sauti ya mwanamume. Kujiamini kwa mwanamke hakuondoi tofauti hiyo, kwa kuwa imo katika sikio la msikilizaji.

Kinachoweza kufundishwa ni namna ya kujibu, na hilo lilipewa saa mbili tu. Mtafiti Dana Kanze na wenzake walichunguza mazungumzo kati ya wawekezaji na waanzilishi katika mashindano ya kampuni changa yanayoandaliwa na TechCrunch, tovuti ya habari za teknolojia, mjini New York, wakaona kwamba maswali mengi waliyoulizwa wanaume, takriban theluthi mbili, yalihusu ukuaji na mafanikio, ilhali takriban theluthi mbili ya waliyoulizwa wanawake yalihusu hasara na namna ya kujikinga nayo. Anayeulizwa kuhusu hasara hujibu kuhusu hasara, naye huonekana mtu wa kujikinga. Waliopokea swali la namna hiyo na kulijibu kwa kueleza ukuaji walipata fedha nyingi zaidi kuliko waliojibu kwa kujitetea. Ukiulizwa utawazuiaje wateja wasihame, unaweza kujibu kwa idadi ya wanaorudi kununua, kisha ukaunganisha na ukubwa wa soko ambalo bado hujaligusa. Mazoezi ya aina hii, yakirudiwa mara ishirini na mtu anayeuliza kwa ukali, yangekuwa na faida kuliko wiki nzima ya kujifunza kusimama.

Siku ya masharti ya mkataba ilikuwa nzuri, na ufupi wake ndio unaonikera. Tulijifunza kwamba biashara iliyothaminiwa 800,000 kabla ya uwekezaji, ikipokea 200,000, huwa na thamani ya 1,000,000 na mwekezaji huwa na asilimia 20. Wengi walidhani somo limeishia hapo. Kumbe hisa za mwekezaji mara nyingi huwa na haki ya kurejeshewa fedha kwanza biashara inapouzwa. Ikiuzwa kwa 300,000, mwenye haki hiyo huchukua 200,000 zake zote, si 60,000, na wengine hugawana 100,000. Pakiwepo sharti kwamba baada ya kurejeshewa atagawana pia kilichobaki, atachukua 220,000 na kuwaachia 80,000. Asilimia ni ileile. Kilichobadilika ni sentensi moja katika hati. Mikataba ya fedha zinazokuja kubadilika kuwa hisa baadaye, kama ule uliobuniwa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza katika biashara changa, mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2018, iligusiwa kwa dakika chache, ingawa ndiyo ambayo wafanyabiashara wachanga hutangulia kukutana nayo, na anayeisaini mitatu au minne bila kuijumlisha hugundua, akiwa amekwisha chelewa, ni kiasi gani cha kampuni alichokwisha kukitoa.

Ratiba ilizingatia wenye watoto, vipindi vilirekodiwa, na kundi la watu kumi na sita halikuwa kubwa. Hayo yalikwenda vizuri.

Kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba hakuna aliyetuuliza mwanzoni kama mwekezaji wa hisa anatufaa. Mifuko mingi ya mitaji ya aina hii huwa na muda wa miaka 10 hivi, na ndani ya muda huo lazima hisa ziuzwe ili wenye fedha walipwe. Biashara inayokua polepole na kulipa gawio zuri haiwezi kutimiza hitaji hilo hata ikiendeshwa kwa ustadi namna gani, na mwenye biashara ambayo hataki iuzwe kamwe anahitaji kujua hayo kabla ya kulipa ada. Wenzangu wawili walikuwa na biashara za namna hiyo. Mkopo wa kununulia vifaa ungewatosha, nao walilitambua hilo katika wiki ya tisa.

Kwa anayefikiria kujiunga: nenda ukiwa na taarifa za benki za angalau miaka miwili na mtu wa kukusaidia dukani katika wiki nne za mwanzo, na ukodi mwanasheria wako mwenyewe kwa ajili ya mkataba. Uhakiki wangu ulichukua wiki saba. Maswali mengi niliyajibu siku ileile, kwa kuwa hati zilikuwa zimekwisha pangwa. Lililotuchelewesha ni la mteja mmoja anayenunua zaidi ya theluthi moja ya bidhaa zangu, ambalo mafunzo hayakulitaja kabisa na ambalo lilinilazimu kwenda kuomba mkataba wa maandishi wa miaka miwili kabla mazungumzo hayajaendelea. Hati ya masharti ya mwekezaji ilipofika ilikuwa na sharti lile la kurejeshewa fedha kwanza na kisha kugawana pia kilichobaki. Nililitambua, nikaomba liondolewe, na liliondolewa.