Daraja la mbao la kina mama Wasini: nendeni, na mkifika mkae

Wasini, kile kisiwa cha Kwale mkabala na Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, nishaenda mara tatu sasa. Mara mbili za kwanza nlienda kwa pakeji ya watalii, hii ya tatu nlienda mwenyewe na shangazi yangu, na wallahi ni kama nlikua sijawahi kufika. Hii review ni ya lile daraja la mbao la kutembelea kwenye bustani ya matumbawe, la Wasini Women Group, lakini itabidi nianze na zile safari mbili manake bila hizo hutaelewa kwanini nasisitiza hivi.

Pakeji kama ushawahi kukaa Diani unaijua. Unachukuliwa hotelini asubuhi na mapema, unafikishwa Shimoni, unaingizwa kwenye boti, haya twende. Kampuni sitaitaja. Tulipokaribia Kisite, ile hifadhi ya bahari, nahodha akaona pomboo, akakata kona, na boti zingine nazo zikaja, nlihesabu saba, zimemzunguka mama pomboo na mtoto wake, injini zinanguruma, watu wanapiga kelele, pomboo akizama upande huu boti zote zinakimbilia upande ule kumngoja. Mi pia nlikua nimesimama na simu napiga picha, na ile picha mpaka leo nikiiangalia roho inaniuma. Baada ya hapo tukaogelea kwenye matumbawe, tukala kaa, tukazungushwa kijijini dakika ishirini mbio mbio, saa tisa tushakua kwenye gari linarudi. Pesa yote nlilipa Diani. Siku ile hakuna mtu wa Wasini aliyepokea hata shilingi kumi kutoka mkononi mwangu, na hakuna aliyeniambia kwamba nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ambayo kina mama wenyewe ndio wanaisimamia.

Sasa safari ya tatu. Shangazi yangu ni mtu wa Ukunda, miaka sitini na kitu, kila siku anasikia Wasini Wasini na hajawahi kuvuka. Tukapanda matatu ya Lunga Lunga, tukashuka njia panda ya Shimoni, tukachukua boda mbili hadi gatini. Pale badala ya boti ya watalii tukapanda mashua ya abiria pamoja na wenyeji, magunia ya unga, kuku wawili na kijana mmoja na godoro lake. Nauli ni ya wanakijiji, huwezi kulinganisha kabisa na boti ya kukodi. Mkondo wa pale kati una nguvu lakini nahodha anaujua, na shangazi alishika ubao na kusoma dua mpaka tukafika, alafu akashuka anatabasamu.

Kisiwa chenyewe ni kirefu na chembamba, gari hakuna, vijia ni vya mawe na mchanga na nyumba za mawe ya matumbawe. Wavumba wako hapa na pwani hii ya kusini tangu enzi za madiwani, yaani watawala, wa mji wa kale wa Vumba Kuu, na ukisikiliza wazee wakiongea wenyewe kwa wenyewe utasikia Kiswahili chao kina ladha yake, ni Kivumba, shangazi alikua anasimama kila mara kuwauliza "umesemaje hapo?" Kitu kingine utakiona kila mahali ni jabia. Kama hulijui jabia ni birika kubwa lililojengwa la kukinga maji ya mvua, manake kisiwa hakina mto wala maji matamu ya kutegemea ardhini, kwahivo miaka na miaka watu wameishi kwa mvua. Nimelitaja kwasababu mgeni akija hapa akaoga mara tatu kwa siku kama yuko hotelini hajui anakunywa maji ya nani.

Haya daraja. Unaingia kupitia pale wanapokaa kina mama, unasalimia, unalipa kiingilio, unaandikwa kwenye daftari, alafu mmoja wao au kijana wa kijijini anakutembeza. Kiingilio ni kidogo, mtu yeyote mwenye nauli ya kufika hapa hatashindwa. Alafu unaanza kutembea juu ya mbao na pande zote mbili ni matumbawe ya kale, makubwa kushinda mtu, yamesimama wima kama watu wamekusanyika. Zamani sana hapa palikua chini ya bahari, bahari ikashuka, matumbawe yakabaki juu yamekauka yakawa mawe, na chumvi na mawimbi vikayachonga chini mpaka mengine yamekaa kama uyoga. Ukisogea karibu unaona kabisa michoro ya vidudu vilivyoyajenga, vitundu vya nyota nyota, na mengine yana mikunjo kama ubongo. Shangazi aliweka kiganja pale akanyamaza kabisa.

Maji hayajapaacha. Kwenye bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inaingia mpaka ndani, inapita chini ya miguu yako, maji yakipwa unabaki na tope na kaa wadogo maelfu wanaingia mashimoni ukikanyaga ubao kwa nguvu. Ng'ambo ya bustani kuna mikoko, na mama aliyetutembeza alituonyesha mchu na mizizi yake inayochomoza juu kama penseli, na mkoko wenyewe wenye mizizi ya kupinda, akatueleza samaki wadogo wanakulia humo kabla hawajatoka kwenda kwenye mwamba. Alieleza kwa Kiswahili chepesi, hakukariri kama mtu anasoma kitabu, na nlipouliza swali la kijinga alinijibu vizuri.

Lakini kile kilichonikaa zaidi ni mbao zenyewe. Ukitembea ukiangalia chini, unaona ubao wa kijivu, wa kijivu, wa kijivu, alafu ghafla mmoja mweupe bado unanukia randa, alafu kijivu tena. Misumari ya zamani imelika na chumvi mpaka vichwa vimebaki vyembamba kama sarafu iliyosuguliwa, ile mipya bado inang'aa. Nikauliza. Mama akasema, "Chumvi haina rafiki mwanangu, kila mwezi ina mbao yake. Nyinyi mkilipa pale mlangoni ndio huu hapa," akagonga ule mweupe kwa mguu. Inayobaki akasema inasaidia mambo ya kijiji, karo za watoto, mgonjwa akitakiwa kuvushwa Shimoni. Nlikua sijawahi kulipa kiingilio mahali popote alafu nikaonyeshwa pesa yangu nikaikanyaga. Ndio maana nasema kama unatafuta utalii usiomaliza watu wala bahari, usihangaike na zile hoteli zimeandika "eko" getini, njoo uone ubao.

Chakula tulikula kwa kina mama hao hao, tuliagiza kabla ya kuanza kutembea, na nakushauri ufanye hivo manake wanapika mgeni akishafika, hakuna kitu kimekaa kwenye friji tangu juzi. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mboga ya pwani. Hii mboga inaota yenyewe ufukweni karibu na mikoko, majani manene manene yamejaa maji, ukitafuna mbichi ni chumvi tupu. Wanaichemsha, wanamwaga yale maji ili chumvi ipungue, alafu wanaitia tui na kitunguu. Shangazi alipoonja aliacha kijiko, akasema hii ndio mboga nyanya yake alikua akiwapikia wakiwa wadogo, hajaiona kwenye sahani miaka arobaini. Wakaanza kuongea yeye na wale mama, nani anatoka wapi, nani kaoa kwa nani, mpaka ikatokea mmoja wao ana dada kaolewa Ukunda mtaa wa pili na sisi. Mi nikaenda kukaa chini ya mti nikawaachia.

Watu wa Wasini hawajaanza leo kushughulikia bahari yao. Kundi la wavuvi la ufuo, BMU, limefanya kazi na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, kupandikiza matumbawe kwenye eneo lao walilolifunga wenyewe wasivue. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe yakafa, na wavuvi wazee wanaukumbuka kwasababu samaki walipungua mbele ya macho yao. Kwahivo ukiona mtu anatupa nanga juu ya mwamba ili wageni wake waogelee haraka, elewa anavunja kitu ambacho jirani yake anakirudisha kipande kwa kipande.

Kama umeshafika Gazi utauliza kuna tofauti gani, manake kule pia kuna daraja la kina mama kwenye mikoko na kuna mradi wa Mikoko Pamoja, walioanza 2013 kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kutunza mikoko inayoifyonza hewa hiyo, na pesa ikaenda kwenye maji na shule. Gazi ni rahisi kufika, ni bara, na kama unataka kujua mikoko kwa undani nenda Gazi. Wasini nenda kwa matumbawe ya juu ya nchi kavu na kwa kuvuka maji. Mimi ningeenda kote kuwili, ila nikiambiwa nichague moja nachagua Wasini.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Daraja liko kijijini, sio ndani ya hifadhi, kwahivo kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hakikuhusu mpaka utakapoamua kwenda Kisite kuogelea, na huko lipa mapema kwa simu manake hawapokei keshi. Ukikodi boti ya kwenda Kisite chukua ya kijana wa Wasini au wa Mkwiro, kijiji kingine cha kisiwani, na kabla hujapanda mwambie wazi kwamba pomboo hutaki wakimbizwe, mkae mbali mzime injini, wakija wenyewe sawa wasipokuja sawa. Mimi nilimwambia hivo nahodha wa boti tuliyokodi siku hiyo akafurahi, akasema wageni wengi wanamlazimisha. Tukakaa kama nusu saa injini imezimwa, wakapita watatu upande wa kushoto, taratibu, ukisikia kabisa wakipumua. Sikutoa simu.

Kijiji ni cha Waislamu, jifunge leso, mabega na magoti yafunikwe, chupi za kuogelea ziishie majini, na picha za watu uombe kwanza. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020 lakini hata kijijini usije nazo, zikishafika kisiwani hazina pa kwenda, njoo na chupa yako. Kofia lazima, katikati ya daraja hakuna kivuli. Viatu vya kushika vizuri, ubao ukilowa unateleza. Kombe na vipande vya matumbawe usiokote hata kimoja, na ukiuziwa ufuoni kataa kwa adabu. Keshi ndogo ndogo beba, ununue leso au kikapu pale pale kwa aliyekisuka, na usibishane bei kama uko sokoni Kongowea.

Na usiende kama una masaa mawili tu. Fika asubuhi, lipa, tembea, kula, kaa, urudi na mashua ya jioni. Sisi tulirudi na ile ya saa kumi, shangazi kapakata kikapu kipya kimejaa mboga ya pwani aliyofungiwa na wale mama kwenye jani la mgomba, na safari hii hakushika ubao. Kesho yake akaipikia nyumba nzima. Wiki iliyofuata akanipigia kuniuliza bamvua ijayo ni tarehe ngapi, manake chama chao cha Ukunda wameshaanza kuchanga nauli.