Nimelaza lori, nikaenda kuiona moteli ya Lorraine

Kwa msioijua kazi yetu: dereva wa malori Marekani akifikisha saa 70 za kazi ndani ya siku 8, sheria inamtaka asimame. Akitaka hesabu ianze upya, apumzike saa 34 mfululizo bila kugusa usukani. Wengi tunazimalizia kitandani humo humo kwenye kabini, simu mkononi. Safari hii zangu ziliniangukia West Memphis, upande wa Arkansas, ambako vituo vya malori vimeota kama uyoga. Nikasema leo silali, navuka mto Mississippi nikaone Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia kule Memphis, Tennessee.

Ushauri wa kwanza kwa madereva wenzangu: tela iacheni kituoni. Mtaa wa Mulberry si wa kugeuzia futi 53. Chukueni teksi, ila hakikisheni dereva anajua mnakokwenda. Wangu alinishusha mtaa mwingine kabisa akaniambia "ni hapo tu mbele". Hapo tu mbele pakawa mwendo wa robo saa juani.

Ukifika, unachokiona kwanza ni moteli ya Lorraine, ambayo ndiyo iliyogeuzwa makumbusho. Milango ya rangi ya maji ya bahari, kibao kirefu cha zamani cha kuita wasafiri, na chini ya baraza la ghorofani magari mawili meupe, Dodge ya 1959 na Cadillac ya 1968, yameegeshwa kama vile wenyewe wameingia kuoga mara moja. Juu yake, kwenye reli mbele ya chumba namba 306, limetundikwa shada la maua. Hapo ndipo Martin Luther King alipopigwa risasi, saa 12 na dakika 1 jioni, Aprili 4, 1968. Alikuwa na miaka 39. Uwanja huo wa nje unaingilika bila tiketi. Mimi nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu nilikuwa natazama moteli kwa jicho la mtu anayelala barabarani.

Lorraine ilinunuliwa mwaka 1945 na Walter Bailey, naye akaipa jina linalofanana na la mkewe, Loree. Enzi hizo Mweusi mwenye gari hakuwa na uhuru wa kusimama popote akaomba chumba. Mtu wa posta aitwaye Victor Green, mkazi wa Harlem, alianza mwaka 1936 kutoa kitabu cha mwongozo kinachoorodhesha wapi utalala, utakula na utajaza mafuta bila kufukuzwa. Lorraine ilikuwamo. Leo mimi nina programu kwenye simu inayoniambia kituo gani kina bafu safi. Msafiri wa miaka ile alikuwa anatafuta mahali atakapofunguliwa mlango. Na Loree mwenyewe? Saa chache baada ya ile risasi alianguka kwa kiharusi, akafariki Aprili 9, siku King alipozikwa. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina lake.

Ndani, mambo yanaanzia kwenye biashara ya utumwa. Kuna sehemu mnajikunja kama mlio ndani ya tumbo la meli, giza, mabega kwa mabega. Sina la kuongeza hapo.

Kwenye basi la Montgomery, Alabama, nilicheka, kisha nikaona aibu. Basi limesimama, sanamu ya Rosa Parks, mama Mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti, imekaa kwenye kiti, nawe unaruhusiwa kupanda ukakaa. Ukishakaa, sauti ya dereva inakukaripia urudi nyuma. Mbele yangu palikuwa na mtoto wa shule, kama miaka minane hivi. Sauti ilipotoka alisimama papo hapo, mkoba kifuani, akaanza kutembea kuelekea nyuma. Mwalimu wake hakumzuia. Alimwacha mpaka akafika, ndipo akamuuliza, "Nani amekwambia uhame?" Mtoto akanyoosha kidole kwenye kile kiti cha dereva.

Mimi ni dereva, basi nilikitazama kile kiti. Montgomery ya 1955 ilimpa dereva wa basi madaraka ya polisi katika kupanga abiria. Mweusi alipanda mlango wa mbele akalipa nauli, halafu mara nyingi akatakiwa ashuke akapandie mlango wa nyuma, na wapo walioachwa na basi wakiwa tayari wamelipa. Baada ya Parks kukamatwa, Weusi waligoma kupanda mabasi kwa siku 381. Watu walipanga utaratibu wa kubebana kwa magari binafsi yapatayo 300. Bima za hapa zilipositishwa ili magari yale yasitembee, waandaaji wakaipata bima Lloyd's ya London. Mtu asiyewahi kunyimwa bima hataona utamu wa habari hiyo. Mimi niliirudia mara mbili.

Ila kilichonishika miguu ni lori la taka. Linasimama pamoja na sanamu za wazoa taka wa Memphis wameshika mabango yanayosema "Mimi ni mwanaume". Kama unajiuliza kwa nini mtu aandike jambo linaloonekana kwa macho, kumbuka kwamba mzee Mweusi mwenye wajukuu alikuwa akiitwa boi, yaani mvulana.

Kabla ya kushika usukani nilikuwa utingo. Utingo mvua ikinyesha hana kiti, kabini ina wenyewe. Unajibanza nyuma chini ya turubai, unaomba Mungu dereva asikusahau. Februari 1, 1968, mvua ilikuwa inanyesha Memphis. Echol Cole na Robert Walker wakajikinga nyuma ya lori lao, humo humo zinamotupwa taka. Mtambo wa kushindilia ukajiwasha wenyewe. Dereva alijaribu kuuzima, haukuzimika. Malori yale yalikuwa mabovu, na wafanyakazi walikuwa wameshalalamika. Bima hawakuwa nayo. Familia zilipewa mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi. Februari 12, wazoa taka wapatao 1,300 hawakwenda kazini. Meya Henry Loeb akagoma kukitambua chama chao cha wafanyakazi.

King alikuja Memphis kwa ajili ya hao. Miaka yote nilijua alifia wapi, na sikuwahi kujiuliza kilichompeleka. Nilidhani alikuwa amepita tu na kulala, kama sisi.

Baada ya kifo chake, Aprili 16, makubaliano yakapatikana: chama kitambuliwe, na mshahara upande senti 15 kwa saa, 10 kuanzia Mei, 5 kuanzia Septemba. Senti tano zikaambiwa zisubiri Septemba! Mwaka 2017 jiji lilitangaza kuwapa dola 50,000 kila mmoja wale wachache wa mgomo ule waliokuwa bado hai, maana walikuwa wamebaki bila pensheni ya maana.

Chumba 306 unakitazama kupitia kioo. Vitanda havijatandikwa, kama walivyoviacha. Watu wote mle walikuwa wananong'ona.

Ng'ambo ya barabara, kwa tiketi ile ile, kuna ile nyumba ya vyumba vya kupanga ambako James Earl Ray alifyatulia risasi kwenye dirisha la bafu. Nilipita haraka. Muuaji simpi muda wa mapumziko yangu. Mwenye kupenda habari za upelelezi atafurahi huko.

Jambo moja la kujua kabla hujaenda: ili moteli igeuzwe makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1991, mpangaji wake wa mwisho, mwanamke, alitolewa kwa nguvu mwaka 1988. Akahamia kando ya barabara, akapinga hapo miaka na miaka, akisema fedha zile zingefaa kuwajengea maskini nyumba. Mimi nayasifu makumbusho haya kwa moyo wote, na bado naona mama yule alikuwa na hoja.

Nyota 5. Vaa raba, kula kabla hujaingia, na tenga saa 4. Maandishi ni mengi na yanastahili kusomwa. Mimi nilitenga 2, teksi ikala nyingine, sehemu za mwisho nikazipita mbio kwa sababu walikuwa wanafunga. Nimeshamwambia msimamizi wetu wa mizigo: ukipata wa Memphis, nipe mimi.