Tahadhari kwa wanunuzi wa nyumba Tabora: "apatimenti" zinazouzwa bila hati ya sehemu

Natoa tahadhari hii kwa yeyote anayetafuta nyumba ya kununua katika Manispaa ya Tabora, na hasa kwa ndugu zetu wanaoishi mbali ambao hununua kwa kuangalia picha kwenye simu. Yupo dalali anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp kwa majina yanayobadilika mara kwa mara, akiuza "apatimenti za kisasa zenye hati". Hudai kishika uchumba kabla mnunuzi hajaonyeshwa karatasi yoyote, na anayeuliza maswali huambiwa kwamba wapo wateja wengine wanaosubiri. Mwalimu mwenzangu alimlipa, na hadi ninapoandika hana nyumba, wala dalali huyo hapokei tena simu zake.

Jengo aliloonyeshwa si apatimenti kwa maana yoyote ambayo afisa ardhi angeikubali. Ni nyumba ya Kiswahili ya siku nyingi, yenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vinavyotazamana kushoto na kulia, na uani kulikokuwa na jiko na choo. Ukumbi umezibwa kwa kuta nyembamba, kila vyumba viwili vimetobolewa mlango wa nje na kuongezewa choo kidogo, na ukuta wa mbele umepakwa rangi ya kijivu ili ufanane na nyumba za siku hizi. Hakuna ubaya kukarabati nyumba ya aina hiyo na kuipangisha. Familia nyingi za Ng'ambo na Isevya zimesomesha watoto kwa kodi ya vyumba. Ubaya unaanza pale kila kipande kinapouzwa kwa mtu tofauti kana kwamba ni nyumba inayojitegemea, ilhali kiwanja ni kimoja, hati ni moja, na jina lililo kwenye hati hiyo ni la mtu ambaye hajakutana na mnunuzi hata mmoja.

Sehemu ya jengo inaweza kuuzwa kihalali. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na ndiyo inayowawezesha watu kumiliki fleti katika ghorofa moja bila kugombana kuhusu ngazi na paa. Lakini sheria hiyo ina utaratibu wake: jengo huchorewa ramani inayoonyesha mipaka ya kila sehemu, ramani hiyo husajiliwa, kila sehemu hutolewa hati yake, na wamiliki huwa na chama kinachosimamia maeneo ya pamoja kama vile uzio, njia na shimo la maji taka. Pasipo hayo, aliyelipa amenunua ahadi tu. Mwenye hati akichukua mkopo na kushindwa kurejesha, benki itauza jengo zima pamoja na vyumba vya walioamini kuwa ni vyao. Akifariki dunia, jengo lote litaingia katika mirathi, na warithi hawatauliza nani alipaka rangi chumba kipi.

Mtego huohuo upo kwenye nyumba pacha, yaani nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja wa kati. Dalali huuza upande mmoja kwa bei inayovutia, bila kusema kwamba kiwanja hakijagawanywa. Kugawa kiwanja kilichopimwa kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji na upimaji mpya. Bikoni (alama za mipaka) zilizopo zikiwa ni za kiwanja kizima, basi nusu hiyo haijulikani popote serikalini.

Kota nazo zimeingizwa katika matangazo yake, zile nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watumishi, zenye veranda pana na paa lenye mteremko mkali. Anayeishi humo mara nyingi ni mtumishi au mpangaji, naye hawezi kuuza kisicho chake. Ni kweli kwamba serikali iliwauzia watumishi baadhi ya nyumba zake mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangazo hujificha nyuma ya ukweli huo. Aliyeuziwa kihalali anazo nyaraka za mauzo, aziweke mezani. Tangazo jingine lilinadi "tembe ya kihistoria" karibu na Kwihara, kwa kutumia umaarufu wa tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Tembe lina paa bapa la udongo juu ya boriti, lakini nyumba iliyokuwa pichani ina paa la bati lenye pande nne za mteremko. Huo sasa ni uongo wa wazi.

Picha zenyewe zinastahili kukaguliwa kwa utulivu. Moja ilionyesha minazi ikichungulia nyuma ya uzio, katika mji ambao wote tunaujua kwa miembe yake. Nyingine zimepigwa wakati wa kiangazi, jambo linalowanufaisha wauzaji wa nyumba zenye paa la kuficha, yaani lililofichwa nyuma ya kuta. Paa la namna hiyo likijengwa vizuri halina tatizo, lakini bati likilazwa mno na mfereji wa ndani ukiwa mwembamba, mvua zinazoanza Novemba zitarudi ukutani na kuibuka kama madoa kwenye dari. Nenda ukaone baada ya mvua, au mtume mtu asiyelipwa na dalali. Atazame pia sehemu ya chini ya kuta, kwani lipu nzuri inaweza kufunika tofali mbichi zilizotangazwa kuwa ni za saruji.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, omba nakala ya hati na uombe upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, ili ujue mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaweza kuthibitisha kwamba muuzaji anafahamika mtaani, lakini hauhamishi milki iliyosajiliwa. Ikiwa nyumba ni makazi ya wanandoa, ridhaa ya mwenza ni ya lazima chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na dalali huyu hukasirika sana akiulizwa kuhusu jambo hilo. Mkataba uandikwe mbele ya wakili uliyemchagua wewe mwenyewe, na malipo yafanyike benki kwa jina lililo kwenye hati, si kwa namba ya simu ya "msaidizi".

Waliokwisha kulipa wasifute ujumbe, sauti wala miamala ya simu, na wasikubali kuhamishiwa "apatimenti nyingine" kama fidia, kwa kuwa ndivyo alivyomfanyia mwenzangu ili kuvuta muda. Suala la kujipatia fedha kwa udanganyifu liripotiwe polisi, na mgogoro wa umiliki upelekwe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wanunuzi wa jengo moja wafungue malalamiko kwa pamoja, kwa sababu risiti kadhaa za jengo lilelile zikiwekwa pamoja, dalali hatakuwa na nafasi ya kudai kwamba ilikuwa ni kutoelewana na mteja mmoja.