TAHADHARI: Arubuni ya mashua wikendi ya tamasha Lamu

Wanafunzi wenzangu mnaopanga kwenda Lamu kwenye tamasha la utamaduni, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi.

Mimi ni wa Tanga, nasoma Nairobi. Tulikwenda sita. Tumeshuka basi Mokowe, hata boti ya kuvukia hatujaipanda, kijana mmoja akatudaka gatini. Kusikia lafudhi yangu tu, papo hapo akawa na shangazi Pangani, kulekule kwetu Tanga. Nauli ya boti hadi Amu, yaani mji wenyewe wa Lamu, akatulipia yeye! Nani angemshuku mtu aliyemlipia nauli?

Jioni akatuonyesha mashua nzuri, jina limeandikwa ubavuni kwa rangi. Mpango wake: kesho tuyatazame mashindano ya mashua tukiwa baharini, kisha twende kisiwa cha Manda tukale samaki wa kuchoma na wali wa nazi. Kila mtu 1,500. Nusu tutangulize, arubuni ya samaki na mkaa, yaani 4,500 kwa M-Pesa. Nikiwa natuma, likatokea jina la mwanamke. "Huyo mke wangu, dada. Laini yangu inasumbua." Nikatuma. Hapo nilijiponza mwenyewe.

Saa mbili asubuhi tuko gatini. Saa tatu. Simu imezimwa. Mashua ipo palepale, na mzee mmoja anatoa humo kila kitu kizito. Tulipomweleza alicheka hadi akakaa. "Wanangu, hii inashindana leo. Nyinyi sita na masufuria yenu niwaweke wapi?" Kijana mwenyewe hamjui. Tapeli huyu anachagua mashua ya mashindano makusudi: ndiyo inayovutia macho, na asubuhi yake nahodha hana nafasi ya kusikiliza malalamiko ya wageni.

Ule ujumbe wa muamala niliupeleka 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe. Pesa zilikuwa zimeshatolewa. Nilikuwa nimechelewa usiku mzima. Polisi walitupa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, basi.

Tamasha lenyewe sitalisema vibaya. Mbio za punda zilinifanya nisahau hasira: katikati ya mbio punda mmoja aligeuza akarudi alikotoka, na mpandaji wake akabaki kumbembeleza mbele ya umati mzima. Jumapili yule mzee alitupeleka Manda, sote kwa 6,000, na hakutaka kushika hela hadi tuliporudi. Samaki tulinunua wenyewe sokoni karibu na Ngome.

Ukionyeshwa mashua, mtafute nahodha wake uongee naye yeye. Jina la M-Pesa lisipokuwa la mtu aliye mbele yako, usitume, hata akikuapia. Na ukiombwa arubuni ya chakula, mwambie samaki utanunua mwenyewe, uone kama bado atakuwa na haja na wewe.

Leo asubuhi nimeipiga ile namba kwa simu ya mwenzangu. Imepokelewa mara moja. Sauti ni ileile, na swali la kwanza: "Mko wangapi?"