Niliuliza onlaini, nikauziwa oflaini (Mtwara mjini)

Nyota moja, tena ya waya wake, maana waya ni mzuri.

Kwenye duka moja la vifaa vya kompyuta nilitaka UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Niliuliza mara mbili: hii ni onlaini (inayogeuza umeme saa zote), si oflaini (inayosubiri ukatike)? Kijana akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Onlaini hiyo, bosi." Bei nayo ikawa ya onlaini.

Kuitambua ni kazi ya dakika moja. Chomekea taa, chomoa UPS ukutani, tega sikio. Ikilia "tak" na taa ikapepesa, umepigwa. Kwenye oflaini umeme wa ukutani unapita moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) imelala kama gogo. Ukikatika ndipo rilei, swichi yake ya ndani, inahamia kwenye betri, milisekunde 4 hadi 10 hivi. Onlaini haina pa kuhamia: umeme unageuzwa DC (kama wa betri), kisha AC (kama wa ukutani) tena, saa zote, betri ikiwa imeungwa hapo katikati. Ndiyo maana feni yake haipumziki. Yangu ilikuwa kimya, na mimi nikafurahia ukimya.

Kusema haki, milisekunde hizo si kitu, pawasapulai nzuri, ile inayoilisha kompyuta umeme kwa ndani, hustahimili 16 hivi. Balaa ni jioni, umeme unaposhuka bila kukatika. UPS isiyo na stebilaiza (kisawazisha volti) ndani yake huona volti zimepungua, tak, betri. Zikipanda, tak, inarudi. Taa zinawaka mtaa mzima, yenyewe inakula betri! Na betri ni moja tu, volti 12, Ah 7 (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri). Kompyuta na skrini zikitaka wati 200, betri inatoa karibu ampea 20, na kwa mkupuo huo hupati hata robo saa. Chaja yake ni ndogo, kujaza ni saa sita hadi nane. Kwa hiyo umeme ukikatika kweli, betri ilishakauka zamani, kazi ya mteja imepotea. Betri ikishinda tupu mara kwa mara, salfeti inaganda kwenye sahani za risasi na haishiki chaji tena. Joto la pwani linamalizia: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake unakatika nusu. Chini ya kaunta huku kwetu, 35 si ajabu.

Nikaipeleka kuirudisha, wasiipokee. "Bosi, si umechomeka printa?" Printa ya leza kweli haichomekwi kwenye UPS, ikipasha moto inavuta mamia ya wati. Yangu ni ya wino. "Basi umeme wenu mbovu." Kwani UPS hununuliwa kwa ajili ya umeme mzuri?

Lakini mashine yenyewe haina kosa, kosa ni jina lililotumika kuiuza. Nimeweka betri mpya, na stebilaiza kati ya ukuta na UPS (si baada ya UPS, maana ikiwa kwenye betri umeme wake hutoka kwa mawimbi ya ngazi-ngazi, hayaifai stebilaiza), na sasa hizo tak zimepungua mno. Basi nyota tatu.

Hapana, mbili. Usoni wameandika VA 650 (volti mara ampea, si wati halisi) kwa herufi za bango. Wati 360, ambazo ndizo za kupigia hesabu, ziko tumboni kwa herufi za sisimizi.

Stebilaiza nilinunua mtaa wa pili.