Kontena la kuchangia kutoka Guangzhou hadi Kariakoo: mzigo unafika, karatasi hazitoshi

Kampuni ninayoizungumzia, ambayo sitaitaja jina, hupokea mizigo ya wafanyabiashara wadogo katika ghala lake la Guangzhou, huipakia pamoja kwenye kontena la futi 40 na kuikabidhi Dar es Salaam baada ya safari ya bahari ya mwezi mmoja au zaidi. Mimi huagiza vyombo vya jikoni kutoka viwanda vya Guangdong na soko la Yiwu, na mzigo wangu haujawahi kujaza kontena zima. Bila huduma ya namna hii, mwenye duka wa kiwango changu angeendelea kununua kwa wenye mitaji mikubwa kwa bei waipangayo wao.

Kinachostahili sifa ni upokeaji wa mzigo kule ghalani. Kiwanda kikishafikisha makatoni, mhudumu huyahesabu, huyapiga picha alama ya mteja ikionekana ubavuni, kisha hutuma vipimo kwa WhatsApp kabla kontena halijafungwa. Jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu nauli ya meli hutozwa kwa ujazo, yaani CBM (mita za ujazo), na tepu ya kupimia huwekwa pale katoni lilipovimba zaidi. Katoni la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 lina CBM 0.12, kiwanda kikipanga vibaya sahani zilezile hadi kila kipimo kikaongezeka sentimita 5, linafika CBM 0.16, na nauli inapanda kwa theluthi nzima. Kwa kuwa picha zilinifikia mapema, nilikitaka kiwanda kiyafunge upya, nacho kikafanya hivyo. Glasi nazo zilifika salama.

Udhaifu uko kwenye nyaraka. Bei yao hujumuisha nauli, ushuru na gharama za bandarini kwa mkupuo, na mteja hupewa risiti ya kampuni peke yake, ilhali nyaraka za forodha zina jina la kampuni. Ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) akiingia dukani na kuuliza uthibitisho wa ushuru, mwenye duka hana karatasi yenye jina lake ya kumwonyesha. Mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023 ulidhihirisha jinsi masuala ya kodi yanavyoweza kufunga maduka ya eneo zima. Nilipoomba mchanganuo wa ushuru wa mzigo wangu, nilijibiwa kwamba kontena la kuchangia haligawanyiki. Sikubaliani kabisa na jibu hilo: walioweza kugawa nauli kwa desimali za CBM wanaweza pia kugawa ushuru kwa ankara ya kila mteja.

Tena huduma yao ni ya upande mmoja tu. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imefuta ushuru wa forodha kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zaidi ilizo na uhusiano nazo wa kidiplomasia, 33 kati yake zikiwa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na ufuta wetu una soko kule tangu zamani. Niliuliza kama wanaweza kukusanya magunia ya wakulima mbalimbali kama wanavyokusanya makatoni yetu, hawafanyi hivyo.

Kwa anayeagiza mzigo mdogo naipendekeza, ila adai ankara ya kiwanda yenye jina lake na, kabla hajalipa chochote, apate ahadi ya maandishi kuhusu nyaraka za ushuru.