Fidia ya watoto wa askari wa Marekani waliotumikia Vietnam: huduma nzuri, mgawanyo wenye dosari
Huduma ambayo Wizara ya Maveterani ya Marekani huwapa watoto wa askari wake waliotumikia vita vya Vietnam, wale waliozaliwa na mgongo wazi (spina bifida, uti wa mgongo usiofunga vizuri tumboni mwa mama), inastahili sifa, kwa kuwa tangu 1997 hulipwa posho ya kila mwezi, hutibiwa na husomeshwa ufundi bila mzazi kulazimika kuthibitisha kwamba alifikiwa na Agent Orange, ile sumu ya kuua majani iliyonyunyizwa katika vita hivyo. Fomu ya kuomba posho ni namba 21-0304. Kinachonikera ni mgawanyo: mtoto wa askari mwanamke huweza kufidiwa kwa kasoro nyingine kadhaa za kuzaliwa, ilhali wa askari mwanamume hufidiwa kwa mgongo wazi pekee, tena si ule uliojificha chini ya ngozi, kana kwamba baba alipigana Vietnam nyingine. Wajukuu hawamo kabisa.